Sisi Hatuna Majira ya Baridi

Ijumaa ile ya mdahalo ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Hoja iliyokuwa mezani ni kwamba Afrika iache kuhangaika na mabwawa na makaa ya mawe, iwekeze kwenye umeme wa jua unaokusanywa angani. Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, nadhani wa fizikia, akasimama kuunga mkono. Huko juu hakuna usiku, alisema. Hakuna mawingu, hakuna vumbi, hakuna mgao. Unatandaza paneli zako kilometa 36,000 kutoka hapa, unashusha umeme kwa mawimbi, bara zima linawaka. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Na mimi nilipiga, lakini huku nimeinamisha kichwa, maana maneno yale yalikuwa yangu. Si kwamba aliniibia. Simjui wala hanijui. Ila mwaka jana niliyaandika karibu hivyo hivyo kwenye pendekezo langu la mradi wa mwisho, na karatasi yenyewe bado ninayo, imejaa wino mwekundu wa msimamizi wangu.

Wachangiaji tulipewa dakika mbili mbili. Sikusimama. Dakika mbili hazikutoshi kusema "ndiyo, inawezekana" na "hapana, si kwetu" kwa mkupuo mmoja bila kuzomewa na pande zote. Ndiyo maana naandika hapa.

Nianze na ndiyo, kwa sababu upande wa kupinga siku ile ulifanya kosa la kucheka tu. Wazo hili si la wehu. Isaac Asimov alilitumia kwenye hadithi mwaka 1941, lakini aliyelitoa kwenye hadithi akalipeleka kwenye uhandisi ni Peter Glaser, aliyeandika makala kwenye jarida la Science mwaka 1968 na kupata hataza yake mwaka 1973. Mpango wake unaeleweka hata na mtu asiyesoma sayansi. Unaweka setilaiti kubwa kwenye obiti iliyo kilometa 35,786 juu ya ikweta. Kwa umbali huo setilaiti inazunguka sawasawa na dunia inavyojizungusha, kwa hiyo ukiwa chini unaiona kama imegandishwa sehemu moja. Huko huko ndiko ziliko setilaiti zinazolishwa na kulisha madishi ya televisheni. Paneli zake zinageuza jua kuwa umeme, umeme unageuzwa kuwa mawimbi ya maikrowevu, mawimbi yanaelekezwa duniani, na huku chini uwanja wa antena unayageuza tena kuwa umeme wa kuingiza kwenye gridi.

Kila kipande cha mnyororo huo kimeshajaribiwa. Mwaka 1975, pale Goldstone, California, William Brown na wenzake walirusha umeme wa zaidi ya kilowati 30 bila waya, umbali wa kilometa moja na nusu, na antena ya kupokea ikageuza zaidi ya asilimia 80 ya mawimbi yaliyoigonga kuwa umeme. Wengi wa wazazi wetu walikuwa hawajaanza hata shule. Wajapani mwaka 2015 walirusha kilowati 1.8 umbali wa meta 55 kwa kulenga kwa usahihi mkubwa. Na Januari 2023 chuo cha Caltech kilirusha kifaa chake angani. Ilipofika Mei mawimbi kutoka kwenye kifaa hicho yakanaswa juu ya paa la jengo lao kule Pasadena. Yalikuwa madogo mno, ya kugundulika kwa vyombo tu, lakini yalitoka angani na yakafika pale yalipoelekezwa.

Kuna dada mmoja aliuliza kama hatutakaangwa, watu wakamcheka. Hakustahili kuchekwa, swali ni zuri. Kwenye usanifu mkubwa uliofanywa na NASA pamoja na Wizara ya Nishati ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, katikati ya doa la mawimbi palipangwa kuwa na wati 230 kwa kila meta ya mraba. Hiyo ni kama robo ya nguvu ya jua la saa sita mchana. Ndege akipita hageuki mshikaki. Hata hivyo kiwango hicho ni mara 23 ya kile kinachoruhusiwa kwa wananchi wa kawaida, ambacho ni wati 10 kwa meta ya mraba, kwa hiyo eneo lazima lizungushiwe uzio na walinzi wawepo. Ukiwa nje ya uzio uko salama. Tumalizane na hilo.

Sasa wino mwekundu. Nilikuwa nimechora setilaiti yangu ndogo, nzuri kweli, yenye antena ya meta kumi, na chini yake nimechora kijiji. Kila kijiji na setilaiti yake! Msimamizi wangu hakuandika insha. Aliandika pembeni maneno matano: "Doa litakuwa na upana gani?"

Nilikaa na kikokotoo usiku ule. Chukua tochi uimulike ukutani, kisha rudi nyuma: duara la mwanga linapanuka. Mawimbi yote yana tabia hiyo, na huwezi kuyabembeleza. Upana wa doa unategemea vitu vitatu: urefu wa wimbi, umbali, na ukubwa wa antena inayorusha. Kwa masafa ya gigahezi 2.45, wimbi lina urefu wa sentimeta 12 hivi. Umbali ni ule ule, karibu kilometa 36,000. Ukiweka antena yenye kipenyo cha kilometa moja, naam, kilometa nzima ya antena inayoelea angani, doa lake chini linakuwa na upana wa kilometa kama 10 na nusu. Ukitaka doa la kilometa moja, saizi ya kijiji, antena ya juu lazima iwe na kipenyo cha kilometa 10. Na ile antena yangu ya meta kumi? Doa lake lilikuwa na upana wa zaidi ya kilometa 1,000. Yaani nilikuwa nataka kuwashia taa kijiji kimoja kwa kuimwagia maikrowevu nchi nzima na majirani zake, na kila mmoja anapata kiasi ambacho hakiwashi hata taa ya kibiriti cha Mchina.

Ukifupisha wimbi unapunguza doa kiasi fulani, lakini vikwazo vingine vinaongezeka, mvua ikiwemo. Tabia yenyewe haibadiliki: umeme wa angani hauna toleo dogo. Paneli ya sola unaweza kununua ya wati 20, ukaongeza nyingine ukipata hela. Jenereta ipo ya kibanda cha kinyozi na ipo ya kiwanda. Huu wa angani unaanza na gigawati au hauanzi kabisa. Ule usanifu wa Marekani ulikuwa setilaiti moja ya kilometa 5 kwa 10, kutoa gigawati 5. Nadhani hapa ndipo mdahalo ulipopotea njia, kwa sababu waliokuwa wanaunga mkono walikuwa wanaongelea vijiji, na chombo chenyewe hakiwezi kuongea na kijiji.

Naomba niwapeleke nyumbani kidogo. Bibi yangu anaishi kitongoji kimoja mkoani Singida. Nyuma ya shamba lake la alizeti inapita laini ya msongo mkubwa, ile minara ya chuma inayoonekana kama majitu yamebeba kamba. Usiku wenye unyevu unazisikia nyaya zinavuma. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza babu kwa nini tusitundike waya pale tukawasha taa. Babu alijibu kwamba huo si umeme wetu, ni wa kupita. Nilidhani ni jibu la mzee asiyejua. Nimekuja kusoma uhandisi wa umeme mwaka wa nne sasa, nimegundua alikuwa sahihi kabisa. Umeme wa ile minara ni wa mamia ya kilovolti. Ili uingie kwa bibi unahitaji kituo cha kupoza umeme, halafu laini ya msongo wa kati, halafu transfoma, halafu nguzo hadi mlangoni, halafu mita ya LUKU, halafu mtu awe na hela ya kufunga nyaya ndani ya nyumba. Umeme ulishafika kijijini, kwenye shule na zahanati. Kitongojini kwetu, kilometa nne kutoka pale, bado.

Sasa fikiria tumepata ile setilaiti bure, zawadi. Uwanja wa antena unajengwa mahali, gigawati zinashuka. Zinakwenda wapi? Zinapanda kwenye minara ile ile, zinapita nyuma ya shamba lile lile la alizeti, na bibi anaendelea kuzisikia zikivuma. Hakuna hata hatua moja kati ya zile nilizotaja ambayo setilaiti inaipunguza. Inabadilisha umeme unakotoka tu, na umeme unakotoka sio ugonjwa wa kitongoji cha bibi.

Wenzangu wa kozi kuna jambo jingine mtalielewa haraka. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, lakini ni mitambo tisa ya megawati 235. Mmoja ukizima, minane inaendelea, na waendesha gridi wanahangaika kidogo kisha mambo yanakaa sawa. Setilaiti ya gigawati 2 ni boriti moja. Ikipoteza shabaha kwa sekunde chache, na imetengenezwa ijizime yenyewe ikipoteza shabaha kwa ajili ya usalama wenu, gridi inapoteza bwawa zima kwa mpigo. Gridi kubwa kama ya China au ya Ulaya inaweza kuvumilia pigo hilo. Ya kwetu ingelala chali, na sisi tungekuwa tunatafuta mishumaa siku ya mtihani. Na lile la "hakuna usiku" si kweli asilimia mia. Karibu na Machi na Septemba kila mwaka setilaiti za obiti ile huingia kwenye kivuli cha dunia kila usiku, hadi dakika kama 70. Si tatizo kubwa, linajulikana na linapangiwa ratiba, ila nalitaja kwa sababu mzungumzaji wetu alilirudia mara tatu.

Haya, hela. Hapa watu hupenda kutupiana mabilioni, mimi naomba tuhesabu kwa meta moja ya mraba. Juu angani meta moja ya mraba inapokea wati 1,361 za jua, karibu saa 24. Hizo ni kama uniti 33 kwa siku. Pale Singida meta hiyo hiyo inapata uniti sita hivi. Angani wanatuzidi mara tano na nusu, na hilo ndilo jambo lililonivutia hata mimi. Lakini wa angani lazima ugeuzwe kuwa mawimbi, usafiri, unaswe, ugeuzwe tena. Tuseme nusu inafika kwenye gridi, na hapo nimekuwa mkarimu. Faida imebaki chini ya mara tatu. Kwa hiyo swali lote la kama jambo hili linatekelezeka, ukilivua koti, linakuwa hivi: je, kupeleka paneli moja angani ni bei rahisi kuliko kununua paneli tatu, pamoja na betri za usiku, ukaziweka Singida?

Paneli ya kawaida ya wati 400 ina uzito wa kilo kama 20, na kwa bei ya jumla ya siku hizi dola mia moja inaitosha na chenji inabaki. Roketi ya Falcon 9, ambayo ndiyo imeshusha bei kuliko zote zilizotangulia, inatoza dola kama 3,000 kwa kilo, na hiyo ni obiti ya chini; kule kwa kilometa 36,000 ni ghali zaidi. Paneli yetu ya dola mia imeshagharimu nauli ya dola 60,000 na bado haijafika. Mtanikatalia kwamba paneli za angani hutengenezwa nyepesi, na ni kweli. Zifanye ziwe nyepesi mara kumi. Nauli ni dola 6,000, dhidi ya paneli tatu za dola mia tatu na betri zake. Elon Musk, ambaye anauza nauli hizo na paneli pia, yaani ndiye angefaidika kote kote, amewahi kulipinga wazo hili hadharani. Mimi si shabiki wake, lakini mwenye basi akikwambia usipande basi lake, msikilize.

NASA wenyewe walirudi kwenye hesabu hizi. Ripoti yao ya Januari 2024 ilichukua sanifu mbili za kupeleka gigawati 2 kwenye gridi kufikia mwaka 2050. Gharama ilitoka dola 0.61 kwa uniti kwa usanifu mmoja na dola 1.59 kwa mwingine, kati ya mara 12 na mara 80 ya vyanzo vingine safi vya ardhini. Kwa shilingi yetu, ule wa bei nafuu ni kama 1,500 kwa uniti, kabla hujaweka nguzo wala kodi. Mteja wa kawaida wa nyumbani hapa analipa kama 350, na mnajua tunavyolalamika. Mzigo wenyewe ni maelfu ya tani, ule mwepesi karibu tani 6,000. Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilichochukua zaidi ya miaka kumi kuunganishwa, kina uzito wa tani 420 hivi.

Nisiwe mwongo kwa kunyamaza: ripoti ile ile ilijaribu kuweka roketi za bei ya chini sana, vifaa vinavyodumu muda mrefu, na viwanda vinavyozalisha kwa wingi, na ikaona gharama inaweza kushuka hadi kukaribia ya ardhini. Anayeamini roketi za kizazi kijacho zitafika huko ana haki ya kuamini. Mimi namkumbusha tu kwamba bei ya paneli za ardhini ilishuka karibu asilimia 90 kati ya 2010 na 2020, na betri nazo zimeanguka vivyo hivyo. Unayemkimbiza naye anakimbia.

Basi kama hesabu ziko hivyo, kwa nini watu wenye akili timamu wanaendelea? Jibu nilipewa na bibi bila yeye kujua. Likizo ya Desemba nilikuwa namweleza, kwa mbwembwe za mwanachuo, jinsi Wazungu na Wajapani wanavyotaka kwenda kuchukua jua angani. Alikuwa anapepeta mtama. Akaniuliza, "Kwani kwao haliwaki?" Nikacheka. Nikamwambia linawaka bibi, ila... na hapo nikakwama.

Kwenye basi nikirudi chuo ndipo ilinijia. London mwezi Desemba meta moja ya mraba inapata chini ya uniti moja ya jua kwa siku. Siku inaanza saa mbili asubuhi, saa kumi jioni giza, na mawingu katikati. Na huo ndio mwezi ambao wanahitaji umeme kuliko yote, kwa ajili ya kupasha nyumba joto. Jua lao wanalo kwa wingi Julai. Ili sola iwavushe Desemba, wangehitaji betri inayohifadhi jua la Julai kwa miezi mitano. Betri ya namna hiyo kwa nchi nzima haipo, na ingekuwepo ingekuwa na bei ya kutisha. Kwa mtu mwenye shida hiyo, setilaiti inayotoa umeme ule ule Januari hadi Desemba ina maana, hata ikiwa ghali. Ndiyo sababu Uingereza iliagiza uchunguzi wa jambo hili, ukatoka 2021. Ndiyo sababu Shirika la Anga la Ulaya lilianzisha mpango wa SOLARIS mwaka 2022. Na Japani, isiyo na mafuta wala ardhi ya kumwaga, inalishughulikia kwa miongo. Si wajinga. Wanatibu majira ya baridi.

Sisi hatuna majira ya baridi. Tuna masika, tuna kiangazi, tuna vumbi la Agosti linalofunika paneli mpaka umpandishe mtoto juu ya bati na kitambaa. Lakini jua letu linachomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, Januari na Julai, kwa tofauti ya dakika chache. Usiku wetu mrefu kuliko wote ni wa saa kumi na mbili na ushee. Betri ya kuvusha usiku mmoja ipo, inauzwa, inapakiwa kwenye bodaboda. Kejeli yenyewe ni kwamba ikweta ndipo mahali pazuri kuliko pote pa kuweka uwanja wa kupokea, kwa sababu boriti inashuka wima na doa linakuwa duara. Kule kaskazini linanyooka kama yai, kilometa 10 kwa 13. Mahali panapolifaa zaidi ndipo pasipolihitaji.

Januari 2025 marais walikutana hapa Dar es Salaam kwenye mkutano wa nishati, wakaahidi kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300 ifikapo 2030, kati ya karibu milioni 600 wasio nao. Hoja ya mdahalo wetu ingetaka sehemu ya fedha na vichwa vya kazi hiyo viende kwenye chombo ambacho wenye roketi wanakipangia 2050. Msichana anayeanza kidato cha kwanza leo kitongojini kwa bibi atakuwa ameshazeeka kwa koroboi. Hapo ndipo ninaposema hapana, na nasema kwa sauti, kwa sababu nilishawahi kuwa upande wa pili.

Ila hapana yangu ni ya kuwekeza fedha. Si ya kufumba macho. Wengi hapa hawajui kwamba Desemba 1976 Kenya, Uganda, Zaire na Kongo zilikaa Bogotá na Kolombia, Ekwado, Indonesia na Brazili, nchi ambazo ikweta inazipitia, zikatoa tamko kwamba kipande cha obiti ile kilicho juu ya kila nchi ni mali ya nchi hiyo. Dunia haikukubali, mkataba wa anga wa 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha anga za juu. Kisheria walishindwa na sidhani walikuwa na nafasi ya kushinda. Lakini waliona kitu mapema: mahali kwenye obiti ile hapatoshi kila mtu, na anayewahi ndiye anayekaa. Miaka sita kabla ya hapo, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, kwa sababu ikweta inaipa roketi msukumo wa bure. Wakaiita Uhuru, kwa heshima ya siku ile. Mahali petu, jina letu, chombo chao.

Na kuna la karibu zaidi na hosteli. Gigahezi 2.45 ni masafa yale yale ya WiFi na Bluetooth. Boriti ya gigawati, hata ikilengwa vizuri, inamwaga masalia pembeni. Nani atapewa masafa gani, kwa nguvu kiasi gani, na masalia yake yaruhusiwe kumwagikia nani, hayo yanaamuliwa kwenye mikutano ya dunia ya masafa chini ya ITU, kila baada ya miaka mitatu au minne. Kule kunahitajika watu wanaoweza kufungua jedwali la mwenzao na kusema hesabu hii si sahihi. Hatuhitaji elfu moja. Watatu wanatosha, mmoja akiwa mwanasheria. Yule kijana wa mwaka wa kwanza anaweza kuwa mmoja wao, akiacha kutaja bara zima kuwaka na akaanza kuuliza upana wa doa.

Mradi wangu nimebadilisha. Napima betri za mashine ya kusaga ya sola, jinsi zinavyochoka mteja wa mwisho anapokuja jioni na gunia zima. Hauna mvuto wa kusimulia kwenye ukumbi uliojaa, na msimamizi wangu amepunguza wino, hajauacha. Makabrasha yangu yote ya maikrowevu, hesabu za doa na muhtasari wa ripoti ya NASA nilioufanya kwa Kiswahili viko chini ya kitanda, bweni la wavulana wa uhandisi, ghorofa ya pili, mlango unaotazama bomba. Ndugu yangu wa fizikia, njoo uvichukue. Ila vya kurasa za mwisho nilivyoandika kwa penseli usifute, bado kuna hesabu moja hainikubalii.